Majani ya Nyuma ya Mstari

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ni mmoja wa wanawake wa kwanza kuvaa jezi ya taifa ya raga ya wachezaji saba, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Unyenyekevu nimewaachia waliokuwa wakikaa benchi. Watu wa Moshi wakiniona leo ninavyopanda ngazi nimeshika goti, hudhani ni umri. Ni raga. Na kila nikiulizwa ilikuwaje msichana wa Uru, aliyezaliwa migombani na kulelewa kwa kubeba majani ya ng'ombe, akaingia kwenye mchezo ule wa kuangushana, hujibu kwamba yote yalianzia kwenye belo la mitumba.

Miaka ile mitumba ilikuwa imefurika mjini. Kila mwenye kigenge alikuwa amekuwa mfanyabiashara, na mimi nilikuwa nikimsaidia mama yangu mkubwa kuuza nguo za watoto sokoni. Siku moja tulifungua belo, na katikati ya kaptula na soksi ukatoka mpira wenye umbo la papai. Soko zima lilicheka. Mmoja akasema umebanwa melini, mwingine akanishauri niuloweke kwenye maji ya moto urudi kuwa duara. Ulikaa juu ya meza yetu mpaka ukapauka, hakuna aliyeuulizia hata bei.

Aliyeuulizia alikuwa mwalimu wa michezo wa chuo kimoja pale mjini, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi unaogopa kuigusa. Aliushika kwa vidole, akauzungusha hewani, akaudaka bila kuutazama. Kisha akanirushia. Mimi nikamrudishia kama tunavyorusha mizigo ya majani juu ya lori, kwa kiuno, na ukampiga kifuani akarudi nyuma. Nilidhani atakasirika. Badala yake aliniuliza naishi wapi, na kama huko ninakoishi kuna wasichana wengine wenye mikono kama yangu.

Walikuwepo, tena wengi. Msichana wa mlimani wakati ule alikuwa akishuka bondeni karibu kila siku kutafuta majani, akipanda nayo kichwani, na wengine tulifika mpaka Chekereni kuomba mabua ya mpunga baada ya mavuno. Nyumbani kwetu kahawa ilikuwa haina maana tena. Wanunuzi walikuwa wengi na bei ilikuwa haipo. Baba aliendelea kuipogoa kwa mazoea, lakini kilichotuvalisha na kutulisha kilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungiwa bandani, na ng'ombe yule alikuwa na tumbo lisilojua sikukuu. Mzigo mmoja ulikuwa wa mama, mzigo mmoja ulikuwa wangu.

Kocha, maana ndivyo tulivyoanza kumwita, alitufundisha kwa maneno machache. Unaubeba mpira. Wenzako wa upande wa pili wanakuzuia. Ukizidiwa unampa mwenzako aliye nyuma yako, kamwe si wa mbele. Ukifika kwenye mstari wa mwisho unauvuka na kuuweka mpira chini, hiyo ndiyo inaitwa trai. Nilipomweleza mama jioni ile, aliendelea kumenya ndizi za mtori, akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo ni mzigo," alisema. "Unaubeba, unafika, unautua."

Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hivyo. Basi akaniambia kwamba kama kuna watu wanaotaka kuniona nikibeba mzigo mbele ya kadamnasi, yeye atabeba wa nyumbani, wake na wangu, mpaka hao watu watakaponichoka. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia chumvi. Kuanzia kesho yake alikuwa akishuka bondeni mara mbili.

Wakati huo huo chama cha raga kule Dar es Salaam kilikuwa kinahangaika. Nchi jirani zilikuwa na timu za taifa za wanawake na zilitaka mtu wa kucheza naye. Sisi tulikuwa na jina la timu na jezi, ila wachezaji hatukuwa nao. Kocha akawaambia anao Moshi. Ndivyo timu ya taifa ilivyoundwa: wachache kutoka Dar pamoja na nahodha wetu, msichana mwenye maneno mengi na bega la chuma, wachache kutoka Arusha, na sisi wa mlimani tuliokuwa na mbio kuliko wote. Wacha nijisifu. Mimi ndiye niliyekuwa na mbio kuliko wote.

Lazima niseme pia kwa nini jambo lile lilinishika moyo kiasi kile. Mwaka ule ule baba alikuwa amewaonyesha kaka zangu sehemu zao za kihamba, shamba letu la ukoo. Mkubwa alipewa ya juu ya mfereji, mdogo akaahidiwa nyumba na migomba inayoizunguka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika jembe, nikisubiri wamalize ili niendelee kulima. Hakuna aliyenidhulumu, ndivyo ilivyokuwa desturi, na binti aliaminika atapata kwa mume. Lakini jembe nililitupa, nikarudi ndani bila kumaliza kulima. Jezi ile ya taifa, iliyokuwa kubwa kwangu hata mikono ikafika kwenye viganja, ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza nilichopewa kwa sababu ya miguu yangu mwenyewe.

Kocha alitaka timu nzima, hata wa Dar na Arusha, ipige kambi juu, kwa ajili ya mapafu. Tulipata uwanja kando ya shule ya msingi kule kwetu, ulioinamia kusini kama kila kitu cha mlimani kinavyoinamia, hata chai kwenye kikombe. Tatizo lilikuwa mistari. Chokaa ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na majivu yalisombwa na mvua kabla hatujamaliza kupasha misuli moto. Basi kocha, akiwa na akili zake za Kitanga, aliona kwamba kila penye mpaka wa shamba pana mmea wenye majani marefu ya kijani usiokauka wala usiotaka kumwagiliwa. Akakata vipande, akaja mapema kabla yetu, na tulipofika tukakuta ameshapanda mistari miwili, wa juu na wa chini, hatua moja kati ya mche na mche. Alikuwa amejaa udongo mpaka kwenye nyusi na furaha tele.

Alikuwa amepanda masale.

Kwa asiyekuja kwetu, isale ndilo neno la mwisho kati ya majirani. Ndilo linalosema hapa kwako, hapa kwangu. Ukimkosea mtu ukamwendea na jani lake mkononi, hawezi kukufukuza. Linapandwa hata penye makaburi. Mtoto wa mlimani kabla hajajua kuhesabu anajua kwamba masale hayarukwi wala hayapenywi. Ukimtaka jirani, unazunguka mpaka mlangoni kwake na kupiga hodi, hata kama nyanya yako imebingiria hatua mbili tu upande wa pili.

Sisi wa mlimani tuliyaona yale masale siku ile, tukatazamana, tukaanza kupasha misuli moto. Kocha alikuwa mwalimu, tena mgeni, na kazi aliifanya kwa mikono yake. Ni nani angeanza kumweleza? Tukajiambia ni mstari tu.

Miguu haikuambiwa. Tulikuwa tunakimbia uwanja mzima kama tuna moto nyuma, na tukikaribia mwisho tunapoa. Wengine walikuwa wakikata kona kuelekea pembeni, kama wanaotafuta lango. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Alidhani ni pumzi, akatupandisha mlima na kutushusha. Alidhani ni woga, akatuangusha kwenye matope tukazoea. Pumzi tulikuwa nayo na woga hatukuwa nao, na sisi wenyewe, niamini, hatukujua tunafanya nini.

Safari ya kwanza ilikuwa Kenya. Tulivukia Holili na mabegi ya kila namna, nahodha akiimba tangu Himo hadi sauti ikaisha, na askari wa mpakani akatuuliza sisi ni kwaya ya wapi. Kule tulikuta uwanja wa kweli, nyasi za kukatwa, mistari myeupe iliyonyooka. Hakukuwa na isale hata moja. Kwenye mechi ya kwanza nilipata mpira pembeni, nikamkwepa mmoja, nikamkwepa wa pili, mbele yangu pakawa peupe. Nilisikia watu wakinyanyuka. Kisha, karibu kabisa na mstari, miguu ikapunguza kama gari linaloona kizuizi cha polisi. Msichana mmoja alinifikia kwa nyuma, akanibeba, naam, akanibeba, akanirudisha nilikotoka. Siku ile ile jambo lilitokea tena, kwangu na kwa mwenzangu wa Uru. Tulicheza mechi zote na tukatoka kapa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa bandani.

"Mlitua?" aliniuliza.

Nikamwambia hatukutua. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua kamba na mundu akashuka bondeni, na mimi nikabaki nimeshika ndoo ya maziwa, natamani angenigombeza.

Njiani wanawake wenzake walikuwa wanamtania. Walimwuliza kama binti yake bado anabeba lile yai kubwa, na kama litaanguliwa lini. Mama alikuwa anacheka nao. Lakini niligundua kwamba alikuwa ameanza kupita njia ya juu, ile ndefu, ambayo watu ni wachache.

Safari ya pili ilikuwa Uganda, na sitaki kuisimulia kwa urefu maana bado inaniuma. Tulikuwa bora zaidi. Nahodha aliangusha wasichana wenye miili ya kutosha wawili. Lakini yeye hakuwa na mbio, na sisi wenye mbio tuliishia pale pale. Kapa tena. Mwenyekiti wa chama, mtu mpole ambaye hakupenda kupandisha sauti, alitukusanya kabla hatujapanda basi akatueleza mambo yalivyo. Mashindano yanayofuata yatafanyika Moshi, kwa sababu majirani wote wanafika kwa urahisi. Kama hata nyumbani tutashindwa kufika kwenye mstari angalau mara moja, chama hakitakuwa na hoja ya kuendelea na timu ya wanawake. Jezi watapewa vijana wa kiume wadogo. Hakutuomba tushinde. Alituomba trai moja.

Njia nzima niliitazama mikono ya jezi ile iliyofika kwenye viganja vyangu. Nililia bila kujificha, na nahodha, ambaye kwa kawaida angenitania, alinipa bega lake nilalie.

Wiki chache kabla ya mashindano, mama alikuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa mabua kichwani, na safari hii njia ndefu ilimleta kando ya uwanja wetu. Hakuwahi kufika pale tukiwa mazoezini. Alisimama. Kisha akautua mzigo chini taratibu, akaja mpaka kwenye mstari wa chini, akasimama mbele ya masale bila kuyavuka.

"Mwalimu," alimwita kocha, "uwanja huu una kesi?"

Kocha alikuja mbio na adabu zake zote. "Shikamoo mama. Kesi gani?"

"Marahaba. Nauliza ni nani amegawana na nani hapa."

Kocha alicheka, akamweleza kwamba ni mistari tu ya mchezo, na kwamba wasichana wanatakiwa kuivuka. Mama hakucheka. Alitembea kando ya masale kutoka mwanzo hadi mwisho, akiyagusa moja moja, yalikuwa yameshika vizuri na kutoa majani mapya. Halafu akaniita, na wenzangu wakasogea.

"Na wewe huwa unavuka hapa?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ndipo nilipojiona, kama mtu anayejiona kwenye kioo cha dukani bila kutarajia: nikipoa, nikikata kona, nikitafuta lango. Niliwatazama wenzangu wa mlimani na kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Nahodha wetu wa Dar, alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Mama akamtazama, naye nahodha akaacha kucheka, akainuka na kujifuta.

Kocha aliona aibu kiasi cha kuhurumiwa. Alikimbilia jembe ayang'oe yote pale pale. Mama akalishika jembe kwenye mpini.

"Hung'oi, mwalimu. Ukishalipanda umeshasema. Wa kuling'oa ni wazee, nao mpaka wakae, mpaka pombe iive." Kisha akaachia mpini. "Na hata ukiyang'oa ardhini, miguuni mwao utayang'oaje?"

Mvua ya manyunyu ilianza, na mimi nikawaza kwamba basi, ndiyo imekwisha, jezi naikunja. Mama alikuwa anatazama upande wa pili wa masale, mahali pa kuwekea mpira, ambapo kwa kuwa hakuna aliyekanyaga miezi ile yote, majani yalikuwa yamestawi mpaka magotini, mazito, ya kijani ya kutamanisha. Aliuliza ni ya nani. Kocha akasema ni ya shule. Mama akabeba mzigo wake akaenda zake.

Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kwa mwalimu mkuu jioni ile ile na chupa ya maziwa mkononi, wakaongea mpaka maziwa yakanywewa. Alichokiomba kilikuwa kidogo: majani ya nyuma ya mistari, yale ya juu na yale ya chini, yawe ya wasichana wa raga na si ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu mkuu alikubali, akaona amepata wafyekaji wa bure.

Mazoezi yaliyofuata tulimkuta mama ameshafika. Alikuwa amezunguka kwa nyuma, kwenye njia ya shule, akasimama upande wa pili wa masale na mundu mkononi. Aliniita kwa jina langu la nyumbani.

"Huku ni kwako," alisema, na alilisema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, kama wazee wanavyosema wakionyeshana mpaka. "Majani haya ni yako na wenzako. Atakayefika na mzigo ndiye atakayekata."

Ndiyo ikawa sheria ya mazoezi. Aliyeuvuka mstari na kuutua mpira alijipimia eneo kwa mikono miwili na hilo likawa lake la kukata siku ile. Usidhani ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza nilifika, nikapoa, nikasikia mama akisema bila haraka kwamba ng'ombe anasubiri. Siku ya pili niliparamia isale moja na bega langu, nikarudi kuliomba radhi kimoyomoyo. Siku iliyofuata sijui ilikuwaje. Nakumbuka tu nikiwa nimepiga magoti kwenye majani yenye umande, mpira kando, nikikata kwa fujo, na nahodha wangu akinipigia kelele kwamba nimeingilia eneo lake.

Baada ya hapo ilikuwa vita. Wasichana waliokuwa wanashuka bondeni sasa walikuwa wanapata mzigo pale pale juu, na mama zao, waliokuwa wamenuna kuhusu mchezo huu, wakaanza kuwahimiza waondoke mapema. Wa Dar na Arusha hawakuwa na ng'ombe, lakini walikata kwa ubishi tu na kuwagawia marafiki. Kocha naye alijaribu mundu akajikata kidole, akafunga leso na kuendelea kupiga filimbi. Hakuna tena aliyepoa. Tulikuwa tunapita katikati ya masale kama watu wanaorudi nyumbani na mvua imewakaribia.

Mashindano yalifanyika mjini, kwenye uwanja wa klabu ya zamani ya walowezi, chini kabisa ambako joto linakukalia mabegani. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa imepita katikati tu. Kule nyuma ya mistari walikuwa wameacha nyasi zikarefuka, na nilipoziona nilicheka peke yangu. Watu walijaa kuliko tulivyotegemea, wengi wao wakiwa wamekuja kuona wanawake wakianguka. Mama alikuja na wanawake wenzake wa njia ya bondeni, kanga mbili, kamba kiunoni kama kawaida yake. Walikwenda kukaa mwisho wa uwanja, nyuma ya eneo la trai, mahali ambapo hakuna anayekaa kwa sababu huoni kitu.

Mechi ya kwanza, na Uganda, tulipoteza. Tulipoteza kwa kishindo, na tukatoka kapa, na mpira haukunifikia hata mara moja nikiwa na nafasi. Mwenyekiti alikuwa chini ya turubai amekunja mikono. Alipopita karibu yetu alikuwa anahesabu jezi kwa macho. Ilikuwa imebaki mechi moja tu, na Kenya, na msichana aliyenibeba kule kwao alikuwepo, akatabasamu aliponiona.

Kipindi cha kwanza walitufunga trai mbili. Mapumziko kocha alitugawia machungwa. Kipindi cha pili kilipoanza, nahodha alimwangusha mmoja wao kwa nguvu hadi mpira ukamponyoka. Mwenzangu wa Uru akauokota, akautupa nyuma bila kutazama, na ukanikuta pembeni.

Nilikata mbio. Nilimkwepa wa kwanza kwa ndani. Wa pili alinishika jezi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba ilikuwa kubwa kwangu, maana alibaki na kitambaa mkononi na mimi nikaponyoka. Nyuma yangu nilisikia hatua, nikajua ni za nani. Mbele ulikuwa mstari mweupe, nyuma ya mstari nyasi ndefu, na nyuma ya nyasi mama yangu amesimama. Wanawake wote walikuwa wanapiga vigelegele. Yeye alikuwa ameelekeza kidole chini, penye nyasi.

Sikupoa. Nilivuka mstari ule na nikaendelea, nikaingia ndani kabisa, ambako hakuna aliyenilazimisha kufika, na nikautua mpira kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anavyotua kitu kizito asije akaumia kiuno. Yule msichana wa Kenya aliniangukia mgongoni. Tayari nilikuwa nimeshafika.

Baada ya hapo lango lilikuwa wazi. Mwenzangu wa Uru akafika upande wa pili. Wa tatu alikuwa nahodha, ambaye hana mbio, alikokota watu wawili viunoni mpaka mstarini akauweka mpira huku akitukana kwa Kiswahili kizuri cha Kariakoo. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele. Tulishinda. Narudia kwa waliokaa nyuma: tulishinda. Kocha alikaa chini na suruali yake ya pasi kwenye vumbi, akalia kama mtoto, na mwenyekiti alikuja akatushika mikono mmoja mmoja akisahau aliyekwisha kumshika. Jezi hazikwenda kwa vijana. Timu iliendelea, ikapata miaka mizuri na miaka ya kufungwa, ikapata mabinti wanaokimbia kuliko nilivyokimbia mimi, ingawa hilo nalikubali kwa shida. Masale yale ya uwanja wa juu yapo mpaka leo, yamekuwa marefu kuliko wachezaji.

Lakini siku ile, wakati sisi tunarukaruka na kupigwa picha, niliona watu wanatazama upande wa pili, wakicheka. Mama alikuwa ameingia uwanjani. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mstari, pale hasa nilipoutua mpira, ametoa mundu ndani ya kanga, na anakata.

Mtunza uwanja alimfuata mbio, akamwambia kwa heshima kwamba mama, hapa hairuhusiwi kukata. Mama hakuinuka. Alielekeza mundu kwangu.

"Muulize mwenye eneo," alisema.

Mtunza uwanja akanigeukia. Watu wengi walikuwa wananitazama, na mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na damu puani na jezi imechanika bega.

"Mwache akate," nilisema.

Alikata kifungu kidogo ambacho mbuzi asingeshiba. Akakifunga kwa kamba yake, akataka kukiweka kichwani, nikakichukua. Tulipanda mlima hivyo, mimi na jezi ya taifa na majani kichwani, mama mbele yangu akiwa mikono mitupu. Safari hii hakupita njia ndefu. Alipita ile ya katikati, penye watu.

Wale wanawake waliobaki nyumbani walikuwa wamekaa kando ya barabara na ndizi zao. Mmoja wao akakitazama kifungu kile, akamwuliza mama kama bondeni majani yameisha kabisa, hata ametoka mchana kutwa na kurudi na kile tu.

"Sikwenda bondeni," mama alimjibu. "Haya nimekata kwa binti yangu."